Mwenyeheri Irene Stefani: Majina ya Mama Nyaatha



 Tunapofungua kijitabu hiki ili kuimba na kushukuru, ni vyema tutulie kidogo tumkumbuke mmoja wa waliotutangulia. Safari hii tunamkumbuka Mwenyeheri Irene Stefani, Mtawa Mmisionari wa Consolata, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha.

Wengi wetu tunajua kwamba alikuwa mtawa mwema, kwamba aliwahudumia wagonjwa, na kwamba alitangazwa Mwenyeheri hapa hapa Kenya. Leo tungependa kuyafuata maisha yake kwa njia moja tu, yaani kupitia majina aliyoitwa. Tuna sababu. Katika familia zetu jina si kitu cha kuchezea. Mtoto wa kwanza wa kike akizaliwa katika nyumba ya Wakikuyu huitwa kwa jina la mama mzazi wa baba yake, na bibi huyo hujua kwamba ukoo hautapotea. Ndiyo maana wazazi wengine huingiwa na huzuni binti yao anapojiunga na utawa na kurudi likizo akiitwa jina jingine. Hujiuliza kama wamempoteza, na kama jina la bibi limefutwa. Maisha ya Sista Irene yanatupa jibu, na jibu hilo ni la kutia moyo.

MSICHANA WA ANFO

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya Ziwa Idro, katika mkoa wa Brescia huko kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Giovanni Stefani na Annunziata Massari, walikuwa Wakristo wenye imani thabiti na walijaliwa watoto kumi na wawili. Yeye alikuwa wa tano. Kesho yake alipelekwa kanisani, akabatizwa na kupewa majina ya Aurelia Giacoma Mercede.

Hilo jina la Mercede tuliweke akilini, maana tutalirudia. Ni jina litokanalo na Bikira Maria mwenyewe, anayeheshimiwa kama Mama wa Huruma anayewakomboa mateka. Kwa jina hilo ndipo watawa wa kale walianzisha shirika lao, huko Barcelona mwaka 1218, ili kuwatoa Wakristo utumwani. Binti mdogo wa Anfo hakujua lolote kuhusu hayo. Alilibeba jina tu, kama sisi tunavyobeba majina tuliyopewa tukiwa wachanga.

Alikulia katika nyumba ya sala na kazi. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, mama yake alifariki. Binti huyo akabaki bega kwa bega na baba yake, akiwalea wadogo zake, huku akifundisha katekisimu parokiani na kuwatembelea wagonjwa na maskini wa kijiji. Wale mabinti wa kwaya yetu ambao wamewahi kuachiwa nyumba mapema wanajua uzito wa mzigo huo. Hata hivyo, chini ya mzigo huo wito ulikuwa ukikua. Alitaka kuwa mmisionari.

SIKU YA VAZI NA JINA

Wakati huo mjini Torino kulikuwa na padre aliyeitwa Giuseppe Allamano, mkuu wa Kanisa la Bikira Maria Consolata, yaani Mama Mfariji. Mwaka 1901 alikuwa ameanzisha shirika la mapadre na mabruda wamisionari, na mwaka 1902 wamisionari wake wa kwanza wakafika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, wakapokewa na Chifu Karuri wa Gakure. Tarehe 29 Januari 1910 Padre Allamano akaanzisha pia shirika la masista. (Padre huyo ndiye tunayemwita leo Mtakatifu Giuseppe Allamano, tangu Oktoba 2024.)

Mwezi Juni 1911 Aurelia aliaga nyumbani akaingia katika shirika hilo changa. Miezi michache baadaye, tarehe 28 Januari 1912, ikafika siku ya kupokea vazi la kitawa na kuanza unovisi. Siku hiyo, pamoja na vazi, alipewa jina jipya. Tangu hapo akawa Sista Irene.

Kwa nini jina jipya? Desturi hii ni ya zamani katika Kanisa, na mizizi yake imo katika Maandiko Matakatifu. Abramu, aliyeitwa na Mungu kutoka katika nchi yake, baadaye aliitwa Abrahamu. Yakobo baada ya kushindana usiku kucha akawa Israeli. Simoni mvuvi, alipopewa kazi mpya, akaitwa Petro. Kila mara jina linakuja pamoja na kazi. Mungu habadilishi jina la mtu kwa sababu la kwanza lilikuwa baya. Analiongeza lingine kwa sababu anamtuma mahali ambapo bado hajafika.

Kwa mtawa, jina jipya lilikuwa ishara ya mambo mawili. Kwanza, kwamba ameacha nyumba, mali na cheo cha ukoo wake, na sasa atawaita wengi ndugu. Pili, kwamba ameamua kuuishi ubatizo wake kwa ukamilifu zaidi. Hili la pili ndilo la msingi. Nadhiri za kitawa haziondoi ubatizo, bali zinachipuka kutoka humo. Ndiyo sababu, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na mafundisho yake ya mwaka 1965 kuhusu upya wa maisha ya kitawa, mashirika mengi yaliwaruhusu watawa wao waendelee kutumia majina yao ya ubatizo. Mengine yameendelea na desturi ya zamani. Njia zote mbili zinaheshimika, maana zote zinasema jambo lile lile: huyu ni wa Mungu.

Jina Irene ni la Kigiriki na maana yake ni amani. Kanisa lina watakatifu kadhaa wa jina hilo. Yupo Irene wa Thesalonike, shahidi aliyeuawa mwaka 304. Yupo pia Irene wa Roma, mjane ambaye mapokeo yanasema alimtibu Mtakatifu Sebastiani majeraha ya mishale. Amani, ushahidi hadi kifo, na mikono inayofunga vidonda: yote hayo yalikuwa yamefungwa ndani ya jina hilo kama mbegu. Novisi wa miaka ishirini hangeweza kuyaona bado.

AMANI ALIYETUMWA VITANI

Tarehe 29 Januari 1914 Sista Irene aliweka nadhiri zake za kwanza. Katikati ya mwaka huo, Vita Kuu ya Kwanza vikalipuka Ulaya. Tarehe 28 Desemba 1914 alianza safari ya kuja Afrika, na tarehe 31 Januari 1915 meli yake ikatia nanga Mombasa. Hakuwahi kurudi Italia tena.

Dada huyu aliyeitwa Amani alijikuta moja kwa moja katika nchi ya vita. Waingereza waliokuwa wakitawala Kenya walikuwa wakipigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika, na vita hivyo vilibebwa vichwani na mabegani na Waafrika. Vijana na wanaume wa vijiji vyetu walichukuliwa kwa wingi, wengi kwa kulazimishwa, wakawa wapagazi wa kubeba chakula na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu wetu ililigeuza. Mpaka leo Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Tunanunua na kuuza huko kila siku bila kukumbuka kwamba majina hayo ni ya babu zetu waliokwenda wasirudi. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu.

Sista Irene alikuwa miongoni mwa masista waliotumwa kuwahudumia wapagazi hao katika hospitali za kijeshi. Alihudumu Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali hizo tusizifikirie kama za leo. Zilikuwa vibanda na mahema, wagonjwa wamelala kwa safu na dawa ni chache. Alisafisha vidonda, akawaosha waliokuwa wakiharisha, akawalisha waliokosa nguvu za kuinua mkono. Alijifunza Kiswahili ili azungumze na kila mmoja. Wagonjwa walitoka makabila mengi na walikuwa mbali na mama zao. Pale kitandani, yeye alisimama mahali pa mama.

Tuangalie jambo moja hapa. Mpagazi alipoandikishwa alipewa kibati chenye namba. Katika vitabu vya jeshi alikuwa namba, na alipokufa namba ilifutwa. Sista Irene aliwatafuta kwa majina. Wale waliopenda kumjua Kristo aliwafundisha polepole, na walipokaribia kufa aliwabatiza. Kila ubatizo una jina. Hivyo, mtu aliyekuwa ameondoka nyumbani kwao akiwa na jina la babu yake, akageuzwa kuwa namba, alikufa akiitwa tena kwa jina, kama mwana wa Mungu.

Inasimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alifika wodini akakuta kitanda cha mgonjwa mmoja kiko wazi. Alikuwa amemfundisha na kumwandaa kwa ubatizo. Aliambiwa kwamba mtu yule amekwisha kufa na kuchukuliwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Wengi wetu tungefanya ishara ya msalaba na kuendelea na kazi. Yeye alikwenda ufukweni. Alimtafuta katikati ya maiti, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia. Mtu yule alikuwa bado anapumua. Akambatiza.

Hapo ndipo tunapoanza kuelewa jina la Irene. Siku ya kuvikwa vazi lilikuwa neno zuri la Kigiriki. Katika ufukwe wa Kilwa likapata mikono.

GIKONDI: JINA WALILOMPA WATU

Vita vilipokwisha, Sista Irene alirudi Nyeri, na mwaka 1920 akatumwa katika misheni ya Gikondi, sehemu za Mukurwe-ini. Huko aliishi miaka kumi, mpaka kufa kwake.

Anayeijua Mukurwe-ini anajua kwamba si nchi ya kutembea kwa raha. Ni ya kupanda mlima na kuteremka, kuvuka mto na kupanda tena. Sista Irene aliipita miinuko hiyo kwa miguu, akiwa amevaa buti nzito, mara nyingi akienda mbio. Alifundisha shuleni, akawafundisha wakatekumeni, na alipomaliza akaenda nyumba kwa nyumba. Aliposikia kuna mgonjwa ng'ambo ya bonde, alikwenda. Aliposikia kuna mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, alikwenda. Jua wala mvua havikumzuia.

Alikuwa pia na utume mwingine ambao haupigiwi ngoma sana, nao ni wa kalamu. Miaka hiyo vijana wengi walikuwa wameanza kwenda kutafuta kazi mbali, Nairobi na hata Mombasa. Mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuja kwa Sista Irene, wakakaa karibu naye, wakamwambia yaliyo moyoni: mbuzi amezaa, baba yako anakohoa, mbona kimya. Naye akaandika. Jibu lilipokuja, aliwasomea. Kwa njia hiyo aliwajua watoto wao hata wale ambao hakuwahi kuwaona, na vijana wale walijua kwamba huko nyumbani kuna mtu anayewakumbuka katika sala.

Watu wa Gikondi walimtazama kwa muda mrefu. Katika utamaduni wetu mgeni hapewi jina kwa siku moja. Anatazamwa kwanza anavyokula, anavyosalimu, anavyokasirika, anavyomtendea mtu asiye na kitu. Kisha siku moja jina linatokea tu, na kila mtu anaona ni lake. Yeye walimwita Nyaatha. Kwa Kikuyu, tha ni huruma. Nyaatha ni mama mwenye huruma.

Sasa tulirudie lile jina tuliloliweka akilini. Mwaka 1891, katika kijiji cha Italia, mtoto alibatizwa Mercede, jina la Mama wa Huruma. Alipoingia utawani jina hilo liliwekwa kando, na huenda wengi waliliona kama limekwisha. Miaka mingi baadaye watu wa Gikondi, ambao hawakuwa wameulizwa wala kushauriwa, walimtazama wakampa jina kwa lugha yao wenyewe. Nalo likawa Huruma. Jina la ubatizo lilikuwa halijapotea hata siku moja. Lilikuwa limeingia udongoni kama punje ya ngano, likaota katika udongo wa Mukurwe-ini.

Basi wazazi ambao binti zenu wameitwa na Mungu, msihofu. Anachokipokea Mungu hakipotei. Atakirudisha kikiwa kimezaa.

OKTOBA 1930

Mwaka 1930 tauni iliingia sehemu zile. Ni ugonjwa wa kutisha, unaua haraka, na watu wenye akili timamu hujitenga na mgonjwa wake. Mwezi Septemba Sista Irene alikuwa Nyeri kwa mafungo ya kiroho, na huko aliomba ruhusa ya kuyatolea maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya misheni. Kisha akarudi Gikondi, kazini.

Mwezi Oktoba mwalimu mmoja wa hapo aliugua tauni. Sista Irene alimwendea, akamhudumia, akakaa naye mpaka mwisho. Muda si muda naye akashikwa na ugonjwa huo huo. Tarehe 31 Oktoba 1930 akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Watu wake walilia kama watoto waliofiwa na mama, na habari ikaenda kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine: Nyaatha amekufa, na amekufa kwa upendo.

JINA LINAENDELEA

Kwa kawaida jina la mtu huenda mpaka linapoishia kumbukumbu ya wajukuu. La Sista Irene liliendelea. Mwezi Januari 1989, nchini Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiwaka. Katika parokia ya Nipepe, mkoani Niassa, watu wapatao 270, wakiwemo makatekista waliokuwa wamekuja kwa mafunzo, walijificha kanisani huku mapigano yakiwazunguka. Walikaa humo siku kadhaa bila kuweza kutoka. Maji pekee yaliyokuwepo yalikuwa katika kisima cha ubatizo kilichochongwa kwenye gogo la mti, nayo yalikuwa lita chache tu. Wakaomba kwa maombezi ya Sista Irene. Wakanywa wote, wakubwa kwa watoto, na maji hayakuisha mpaka walipookoka. Humo humo kanisani mtoto wa kike alizaliwa, akaoshwa kwa maji hayo, akaitwa Irene.

Kanisa lilichunguza tukio hilo, likakiri kwamba ni muujiza. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa waumini, Sista Irene alitangazwa Mwenyeheri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika nchi yetu ya Kenya. Masalia yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Nyeri, na sikukuu yake ni tarehe 31 Oktoba.

Tuone jinsi majina yake yalivyokutana Nipepe. Maji yalikuwa ya ubatizo, mahali alipopewa jina la kwanza. Watu walikuwa vitani wakitafuta amani, na amani ndiyo maana ya jina la pili. Walichopata ni huruma, na huruma ndilo jina la tatu.

NA SISI JE?

Ndugu wanakwaya, sisi pia tuna majina. Tuna lile la nyumbani, tuna lile la ubatizo, na wengine wetu tuliongeza lingine siku ya Kipaimara. Tuna pia jina la kwaya, tunaloshona kwenye sare na kulichapisha kwenye mabango. Miaka yote hii tumelivaa kila Jumapili.

Ila kuna jina jingine ambalo hatuwezi kujipa, nalo ni lile tunaloitwa na jirani zetu tukiwa hatupo. Mama mgonjwa wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ambaye tulimwimbia siku moja tukamsahau, anatuitaje? Familia iliyofiwa, tuliyoisindikiza kwa nyimbo hadi kaburini, inatuitaje baada ya mwezi mmoja? Mwanakwaya mwenzetu aliyeacha kuja mazoezini, ambaye kitanda chake, kama kile cha Kilwa, kiko wazi, je, kuna aliyekwenda kumtafuta?

Jubilei ni wakati wa kushangilia, na tushangilie. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, tuimbe kwa nguvu zetu zote. Lakini tukishakunja sare jioni, tuamue jambo moja: kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyesahauliwa, amwite kwa jina lake. Tukifanya hivyo, huenda jubilei ijayo watu wakawa wametupa jina ambalo hatukulichagua, na likawa zuri kuliko hili tulilolishona.

Mwenyeheri Irene Stefani, Mama Nyaatha, utuombee.